Kikulacho ki nguoni mwako: Tunavyomficha muuaji nyuma ya pasipoti

Juma lililopita nilisimama Dagoretti Corner, pale Barabara ya Naivasha inapochepuka kutoka Barabara ya Ngong, ili ninunue gazeti. Ni mazoea yangu ya miaka mingi. Muuza magazeti wa pale ananijua, na kabla sijatoa pesa mfukoni huwa keshanisomea kichwa cha habari na kutoa hukumu.

"Prof, wameua msichana mwingine," akaniambia. "Hawa wageni wanatumaliza. Wafukuzwe tu."

"Gazeti limesema aliyeua ni mgeni?"

"Halijasema. Lakini mambo kama haya si ya Mkenya. Mkenya anaweza kukuibia simu, lakini kumfanyia mtu hivi? Zii."

Kijana wa bodaboda aliyekuwa karibu akaitikia kwa kichwa. Mama anayeuza mayai ya kuchemsha hakusema lolote. Hatua chache kutoka hapo alisimama kijana Mrundi, mmoja wa wale wanaotuuzia njugu karanga kando ya barabara. Alifunika njugu zake, akavuka barabara. Hakuna aliyemtaja, na hakuna aliyehitaji kumtaja.

Nilifungua ukurasa wa ndani nikasoma taarifa yenyewe. Mshukiwa aliyekuwa akisakwa alikuwa mume wa marehemu. Nikamwonyesha rafiki yangu. Alisoma, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Ah, basi hiyo ni ya nyumbani."

Wasomaji wapenzi, kauli hiyo fupi ndiyo iliyonituma kuandika makala haya. Muuaji alipodhaniwa kuwa mgeni, kitendo kilikuwa janga la taifa na dawa yake ilikuwa kufukuza watu. Alipogeuka kuwa mume, kitendo kile kile, na maiti yule yule, kikawa "cha nyumbani". Hakuna aliyetaka tena kumfukuza mtu yeyote popote. Hoja yangu ni kwamba fikra hii haitoki hewani. Inajengwa kila siku na Kiswahili tunachokiandika na kukitangaza, na sisi walimu wa lugha tumechangia kuijenga.

Turudi Januari 2024, mwezi ambao wengi wetu hatujausahau. Mapema mwezi huo mwanamke mmoja aliuawa katika nyumba ya kukodishwa kwa muda mfupi mtaani South B. Siku chache baadaye mwanafunzi wa chuo kikuu aliuawa kwa ukatili usiosimulika katika nyumba ya aina iyo hiyo eneo la Roysambu. Katika kisa cha kwanza, mshukiwa aliyefikishwa mahakamani alikuwa Mkenya. Katika kisa cha pili, polisi waliwakamata wanaume 2 raia wa Nigeria, ambao baadaye waliachiliwa bila kufunguliwa mashtaka ya mauaji hayo.

Visa hivi viwili vilifuatana kwa siku chache tu. Lakini sikilizeni ndimi zetu zilivyovipokea. Yule wa South B alikuwa "jamaa", "mwanamume mmoja", "mshukiwa". Sikumsikia hata mtu mmoja ndani ya matatu akisema "Wakenya wanaua wanawake". Hao wawili, kwa upande wao, walipoteza hata umoja wao. Hawakuwa tena watu wawili wenye majina bali "Wanigeria", kabila zima lililokamatwa kwa siku moja. Na walipoachiliwa, habari ya kuachiliwa kwao haikusafiri mbali kama ile ya kukamatwa kwao. Hadi leo nikiuliza darasani, wanafunzi wengi wanakumbuka kukamatwa, na wachache mno wanakumbuka kuachiliwa.

Katika isimu tuna kanuni rahisi kuhusu jambo hili. Lugha hutaja kile inachokiona kuwa si cha kawaida, na kukinyamazia inachokiona kuwa cha kawaida. Ndiyo maana tunasema "dereva mwanamke" lakini hatusemi "dereva mwanamume". Ndiyo maana "daktari wa kike" huhitaji ziada ya maneno mawili ilhali mwenzake ni "daktari" tu. Sasa tumia kanuni hiyo kwenye habari za mauaji. Tunapoandika "raia wa kigeni amkata mwanamke kisu" siku moja, na "mwanamume amkata mwanamke kisu" siku ya pili, tunamfunza msomaji kwamba uraia ndio uliofanya kazi katika sentensi ya kwanza, na kwamba katika ya pili hakuna chochote kilichofanya kazi. Katika sentensi ya kwanza msomaji amepewa sababu: ugeni. Katika ya pili hakupewa sababu, hivyo anaitafuta mwenyewe. Na mara nyingi huitafutia kwa marehemu: alivaa nini, alikuwa wapi usiku huo, alikula nauli ya nani.

Huo ni upande wa nomino. Upande wa vitenzi una matatizo yake pia.

Kiswahili kimejaliwa kauli nyingi, nasi hujivunia utajiri huo tunapowafunza watoto mnyambuliko. Kauli ya kutendwa ina sifa moja muhimu: inaruhusu mtendaji aachwe nje bila sentensi kuyumba. "Alipigwa na mumewe" ni sentensi kamili. "Alipigwa" nayo ni kamili vilevile. Vipo pia vitenzi ambavyo havimtaki mtendaji kabisa. Kikombe "kimevunjika", aliyekivunja hayumo. Hebu chukua kalamu usome habari tano za mauaji ya wanawake, kisha upige mstari chini ya kila kitenzi. Utakuta mwanamke "alipatikana" akiwa amefariki. Utakuta "mzozo ulizuka" baina ya wawili hao. Mzozo ulizuka! Kitenzi "zua" kinamtaka mtu wa kuzua. "Zuka" hakimtaki mtu. Mzozo unachipuka wenyewe kama uyoga baada ya mvua, unaingia chumbani, unashika panga, na asubuhi mwanamke "anapatikana".

Lakini mshukiwa akiwa mgeni, sarufi yetu huamka. Kauli ya kutenda hurejea mara moja. "Raia wa kigeni aua." Ghafla kuna kiima, kuna kitenzi, kuna damu mikononi mwa mtu. Lugha iyo hiyo iliyokuwa na haya ya kumtaja mume haina haya hata kidogo kumtaja mgeni.

Jambo la tatu ni msamiati wa mahaba. Mwanamume aliyemuua mwanamke huitwa "mpenziwe". Sababu huitwa "wivu wa mapenzi". Kesi huitwa "mauaji ya kimapenzi". Mimi ni mzee wa miaka sitini na kitu, nimeoa, nimezika wazazi na nimelea mabinti. Naomba kuuliza: katika sentensi hizo mapenzi yako wapi? Aliyenunua petroli akaibeba hadi mlangoni kwa mwanamke alibeba petroli. Hakubeba mapenzi.

Nasema petroli kwa sababu namkumbuka Rebecca Cheptegei. Alikuwa mwanariadha wa Uganda, mwanajeshi wa nchi yake, aliyekimbia mbio za marathoni katika Olimpiki za Paris mwaka wa 2024. Aliishi na kufanya mazoezi kwetu, katika Kaunti ya Trans Nzoia. Tarehe 1 Septemba mwaka huo alimwagiwa petroli na kuchomwa moto. Alifariki siku 4 baadaye hospitalini Eldoret. Aliyetajwa na polisi kuwa ndiye aliyemshambulia alikuwa mwanamume Mkenya aliyewahi kuwa na uhusiano naye, na ambaye pia alikufa kutokana na majeraha ya moto huo. Kiini cha ugomvi kilichotajwa kilikuwa kipande cha ardhi.

Tazama sasa kanuni yetu ilivyopinduka. Safari hii kulikuwa na mgeni katika kisa, lakini mgeni ndiye aliyeuawa. Uraia wake ulitajwa kila mahali, na ilikuwa haki kuutaja kwa kuwa aliiwakilisha nchi yake. Uraia wa yule mwanamume, je? Aliitwa "mpenziwe wa zamani". Sikusikia mtu steji ya Dagoretti Corner akisema kwamba sisi Wakenya ni hatari kwa wanawake wa Uganda. Msemo wetu unasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja, na mwenyeji hakupona wala hakuponya.

Najua kuna msomaji atakayeniuliza: "Prof, unataka kutuambia kwamba wageni hawaui?" La hasha. Mhalifu ni mhalifu, awe na kitambulisho cha Kenya, pasipoti ya nchi nyingine au asiwe na karatasi yoyote. Nitatoa mfano unaokwenda kinyume na hoja yangu ili tuupime pamoja. Aprili 2022, Damaris Mutua, mwanariadha mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiiwakilisha Bahrain, alipatikana ameuawa mjini Iten. Polisi walimtaja mwanamume kutoka Ethiopia, aliyekuwa na uhusiano naye, kuwa mshukiwa. Huyo alikuwa mgeni wa kweli.

Lakini miezi 6 tu kabla ya hapo, Oktoba 2021, katika mji uo huo wa Iten, Agnes Tirop aliuawa kwa kisu nyumbani kwake. Ilikuwa wiki chache baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee, huko Ujerumani. Aliyekamatwa na kushtakiwa ni mumewe, Mkenya. Mji mmoja, kazi moja, wanawake wawili. Mshukiwa mmoja Mwethiopia, mwingine Mkenya. Ukiuliza kinachoviunganisha visa hivi, pasipoti haikupi jibu. Kinachoviunganisha ni nyumba, na mtu aliyekuwa na ruhusa ya kuingia ndani yake.

Takwimu zinasema vivyo hivyo. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba katika mwaka wa 2023 wanawake na wasichana wapatao 85,000 waliuawa kwa makusudi duniani. Kati yao takriban 51,100, yaani 6 kati ya kila 10, waliuawa na waume, wapenzi au jamaa zao. Hapa kwetu, Utafiti wa Kidemografia na Afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa kati ya miaka 15 na 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Walipoulizwa ni nani aliyewatenda hivyo, wengi wa walioolewa walimtaja mume, wa sasa au wa zamani. Mwishoni mwa Oktoba 2024 polisi walitangaza kwamba wanawake 97 walikuwa wameuawa nchini katika muda wa miezi 3. Kuwafukuza wageni wote wa Nairobi usiku mmoja hakutawafikia waume hao. Wako nyumbani, wanasubiri chakula cha jioni.

Ipo pia picha moja ya Agosti 2024 isiyonitoka akilini. Mshukiwa wa mauaji ya wanawake ambao miili yao ilitolewa kwenye timbo la taka la Kware, Embakasi, alitoroka kutoka Kituo cha Polisi cha Gigiri. Hakutoroka peke yake. Alitoroka na watu 12 kutoka Eritrea. Wale 12 walikuwa wamezuiliwa kwa kuwa nchini bila vibali. Yule mmoja, Mkenya, alikuwa ameshikwa kwa tuhuma za kuua wanawake. Wote 13 waliitwa kwa neno moja: "washukiwa". Ukisoma haraka, unabaki na picha ya genge la wageni.

Mtu asidhani kwamba tabia hii tumeianza juzi. Mji huu wa Nairobi uliipata utotoni. Machi 1907, mlowezi Ewart Grogan aliwachapa viboko hadharani wanaume 3 Waafrika mbele ya mahakama ya Nairobi. Walikuwa wavutaji wa vigari vilivyobeba abiria, na alidai kwamba walikuwa wamewakosea adabu wanawake wa Kizungu. Grogan alikuwa amezaliwa Uingereza. Waliochapwa walikuwa wenyeji wa nchi. Hata hivyo, katika lugha ya wakati huo wao ndio waliohesabiwa kuwa watu wa kuingia mjini kwa ruhusa, hatari inayozunguka majumba ya watu. Mgeni alikuwa amejifanya mwenyeji na kumfanya mwenyeji mgeni, kisha akasema kwamba anawalinda wanawake. Wanawake Waafrika hawakuwamo katika ulinzi huo. Hakuna aliyechapwa mbele ya mahakama kwa ajili yao. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wanaopita Chiromo kila siku wanatembea palipokuwa makao ya Grogan. Wachache wanajua kwamba kiboko kile bado kinachapa, ila kimebadilisha mkono.

Kiboko hiki kimevuka mipaka pia. Agosti 2019, mjini Cape Town, mwanafunzi wa chuo kikuu alibakwa na kuuawa ndani ya ofisi ya posta alikokwenda kuchukua kifurushi. Aliyehukumiwa ni mfanyakazi wa posta hiyo, raia wa Afrika Kusini. Siku zizo hizo, mjini Johannesburg, makundi ya watu yalikuwa yakivamia maduka ya Waafrika kutoka nchi nyingine, kwa madai kwamba wageni ndio walioleta uhalifu. Huko ugenini, Mkenya ndiye "raia wa kigeni".

Ulaya nako, mkesha wa Mwaka Mpya wa 2016 mjini Cologne, Ujerumani, wanawake wengi walishambuliwa barabarani, na wengi wa washukiwa walikuwa wahamiaji. Uhalifu huo ulikuwa wa kweli, na walioumizwa walistahili haki. Lakini wapo wanasiasa waliozungumza kana kwamba dhuluma dhidi ya wanawake iliingia Ujerumani kwa mashua ya wakimbizi. Nchi iyo hiyo ilingoja hadi mwaka wa 1997 kukubali kisheria kwamba mume anaweza kumbaka mkewe.

Tusiwacheke Wajerumani. Sheria yetu ya Makosa ya Kingono ya mwaka wa 2006 ni sheria nzuri iliyopiganiwa kwa jasho. Lakini fungua kifungu cha 43, kile kinachoeleza ni lini tendo huhesabiwa kuwa la makusudi na kinyume cha sheria. Kijisehemu cha 5 kinasema kwamba kifungu hicho hakiwahusu watu waliooana kihalali. Mgeni akivunja mlango, sheria ina jina la kosa lake. Mwenye ufunguo wa mlango ameandikiwa udhuru. Ndipo ninapomwelewa muuza magazeti wangu. Aliposema "hiyo ni ya nyumbani" hakuwa akibuni kitu. Alikuwa akirudia kwa Kiswahili cha mtaani kile ambacho Bunge lilikwisha kukiandika kwa Kiingereza.

Sasa nina jambo langu mwenyewe la kusema, maana si haki kuwasahihisha wengine na kuficha daftari langu.

Miaka ya tisini, nikiwa mhadhiri kijana ninayeandika tasnifu ya uzamifu, nilipanga chumba Riruta, si mbali na Dagoretti Corner. Ukuta uliotutenganisha na majirani ulikuwa mwembamba. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi tulisikia yaliyokuwa yakiendelea upande wa pili. Mwanamke yule alizungumza Kiswahili cha Tanzania, kitamu, cha adabu. Asubuhi alinisalimu, "Shikamoo, mwalimu," nami niliitikia "Marahaba" nikitazama kando ili nisione uso wake. Wapangaji wenzangu waliponiuliza tufanye nini, mimi msomi wa ploti, nilijibu: "Hao ni watu wa kuja. Pengine kwao ndivyo wanavyoishi. Tusiingilie."

Siku moja alifunga mzigo, akambeba mwanawe mgongoni, akaondoka. Sikumwona tena. Baada ya miezi kadhaa ndipo mwenye ploti aliponieleza, katika mazungumzo ya kawaida tu, kwamba yule mwanamume hakuwa Mtanzania. Alikuwa mzaliwa wa papo hapo Dagoretti. Alikuwa amesoma shule ya msingi ambayo ningeiona kutoka dirishani kwangu. Mgeni katika nyumba ile alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa akipigwa. Mimi nilikuwa nimeugawa ugeni wake kwa wote wawili ili nipate usingizi.

Nilikuwa na vitabu vya isimu mezani usiku huo wote. Nilijua kauli ya kutendwa na ya kutendeka. Neno moja, "watu wa kuja", lilinitosha kuufunga mlango wangu.

Neno "mgeni" ni miongoni mwa maneno yetu ya heshima. Linamtaja aliyekaribishwa na linamtaja asiyejulikana, wote kwa pumzi moja. Kiingereza kimewatenga hao kwa maneno mawili; Kiswahili kiliwaweka pamoja, na humo mlikuwa na busara. Asiyejulikana alikuwa tayari nusu ya aliyekaribishwa. Leo tunalikata neno hilo vipande viwili na kubakiza kile cha kutisha. Isitoshe, mpaka wake hausimami. Kesho mgeni hatakuwa Mnigeria wala Mrundi, atakuwa mtu wa kaunti jirani. Nairobi hii, ambapo swali la pili baada ya jina ni "kwenu ni wapi?", kila mmoja wetu ni mtu wa kuja kwa mtu fulani.

Nimalizie na mapendekezo ya kikazi kwa waandishi na wasomi wenzangu. Uraia wa mshukiwa utajwe kwa kipimo kimoja. Ikiwa hautajwi kwa Mkenya, usitajwe kwa mwingine, isipokuwa pale ambapo habari yenyewe haieleweki bila kuutaja, kwa mfano mtu anaposakwa nje ya mipaka. Uhusiano ndio utajwe, na utajwe mapema. Wahariri huniambia kwamba wanaogopa kumhukumu mtu kabla ya mahakama, na hofu hiyo ni halali. Lakini sentensi "Polisi wanamshuku mume kwa kumuua mkewe" haimhukumu mtu. Inaeleza tu nani anashukiwa kumfanya nini nani. Linganisha na "Mwanamke apatikana amefariki baada ya mzozo kuzuka." Sentensi zote mbili ni salama kisheria. Moja tu ndiyo inayosema jambo.

Maneno ya mahaba yaondolewe kwenye habari za mauaji. Tuandike "mwanamume aliyekuwa akiishi naye", "mume aliyetengana naye". Na neno "nyumbani" tulitumie kueleza mahali, tusilitumie kupunguza uzito wa kosa. Wanawake walioandamana Nairobi na miji mingine tarehe 27 Januari 2024 hawakudai nyumba zao ziheshimiwe kwa kunyamaziwa. Walidai waache kuuawa.

Juzi nilipita tena Dagoretti Corner. Kijana wa njugu alikuwa amerudi mahali pake. Nilinunua za shilingi 20, akanifungia kwa kipande cha gazeti la wiki iliyopita. Muuza magazeti alikuwa akimsimulia mteja habari mpya, na mama wa mayai, ambaye siku ile alikuwa kimya, safari hii akamkatiza: "Wewe, kwanza soma ujue ni nani kwake." Muuza magazeti akafungua ukurasa wa ndani, akaanza kusoma kwa sauti.